Semboja Atafuta Neno Juu ya Dungu

Semboja wa Mkata ndiye mwanamume pekee katika jumuiya yao aliyewahi kusema mbele za watu kwamba mtoto ameruka tumboni mwake.

Hakukusudia. Alikuwa mkatekumeni, mwanafunzi wa ubatizo mwenye mvi, na Alhamisi hiyo jumuiya ilikutana uani kwa Mama Enock, ikasomwa habari ya Bikira Maria kwenda kumtembelea Elizabeti mjamzito. Utaratibu wao ni huu: Injili ikishasomwa, watu wananyamaza, kisha kila mmoja anataja neno lililomgusa, bila maelezo. Semboja hakuwahi kuguswa na neno lolote. Alichokuwa nacho ni mbinu. Anakaa jirani na Mama Enock, Mama Enock akitaja lake, naye anafumba macho na kulitaja hilohilo polepole, kama mtu aliyetoka kulichimba ardhini. Siku hiyo Mama Enock akachagua pale Elizabeti anaposema mtoto ameruka tumboni mwake. Semboja naye, macho kayafumba, sauti kaishusha: "Ameruka tumboni mwangu."

Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Mzee mmoja akataka kujua mimba ni ya miezi mingapi.

Katekista Isaka hakucheka, na hilo ndilo lililouma. Baada ya sala alimvuta pembeni, akamwambia kwa upole kwamba Pasaka haiko mbali, ataulizwa mbele ya watu wote kama anaamini, na pale hakuna wa kumwazima jibu. Achukue Injili, akae nayo mwenyewe, asome kipande kimoja tu, arudie na kurudia, aone panapomshika. Asipoona, hakuna haraka, kanisa halihami. Atabatizwa mwaka unaofuata.

Mwaka unaofuata. Semboja alimtupia jicho mkewe, Lea, aliyekuwa akiaga wenzake mlangoni. Lea alizaliwa Mkatoliki, akapokea komunyo ya kwanza akiwa bado na mapengo. Halafu akakutana na huyu kijana aliyetoka Bungu, kule milimani kwenye ukungu, ambaye baba yake hakuwa na dini yoyote zaidi ya maharage. Wakaoana kimila, mahari ikatoka, pombe ya miwa ikanyweka, padri hakuhusika. Tangu hapo Lea anakwenda misa, ila wenzake wakisimama kwenda kupokea komunyo, yeye, kwa kuwa hana ndoa ya kanisani, anabaki kwenye benchi. Akimgusia mumewe habari ya ndoa ya kanisani, jibu ni mwakani, mama Kaleb, mwakani. Kaleb mwenyewe sasa yuko Korogwe mjini na ndevu zake. Mwaka huu ndipo Semboja alipokubali, ubatizo na ndoa vifanyike pamoja, na Lea alikuwa ameanza kuimba jikoni. Nani angeweza kumwambia huyo mwanamke mwakani tena?

Basi akaenda kutafuta neno huko alikokuwa anashinda kutwa. Mahindi ya vuli yalikuwa yamebeba, na shamba lao, njia ya kwenda Mazingara, linapakana na kichaka cha tumbili. Kila asubuhi Semboja alipanda juu ya dungu, kile kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mahindi, akashika kamba iliyofungwa kwenye madebe matupu. Tumbili akitokea, unavuta kamba, madebe yanapiga kelele, mnyama anakwenda kwa jirani. Safari hii alipanda na Biblia ya Lea, imeviringishwa kwenye kanga. Isaka alikuwa ameweka jani kwenye Marko, pale Yesu na wenzake wanapovuka ziwa, dhoruba inakuja, maji yanaingia chomboni, na yeye amelala nyuma.

Alisoma mara ya kwanza kama anayekimbizwa. Akarudia. Akarudia tena, kidole kikitambaa chini ya maneno. Jua lilikuwa limepanda, upepo ukapita juu ya mahindi na majani yakawa yanasema shaa, shaa, na kila alipofika pale pa kulala, kope zilishuka zenyewe kwa utii.

Shamba likawa maji, ya kijani, yanapanda na kushuka. Ukungu wa Bungu ulikuwa umeteremka mpaka Handeni, mahali usipojulikana kabisa, na ndani yake dungu lilikuwa linaelea. Yeye kalala nyuma, kichwa juu ya gunia, hajambo kabisa. Mbele kuna mwanamke anachota maji kwa kata na kuyamwaga nje, anachota, anamwaga, mgongo umelowa, na hageuki. Semboja alitaka kumwita amwone uso. Lakini usingizi ulikuwa mtamu hata humo ndani ya ndoto, akaona atamwita baadaye.

"Shemeji," sauti ikasema kutoka chini ya maji, "wageni wako wanauliza kama kuna chumvi."

Alikuwa Swaumu, jirani wa shamba la pili, amesimama na jembe begani. Ule upande wa kichakani mahindi yalikuwa yamelala chini, mabunzi yametupwa ovyo. Swaumu alikitazama kitabu kifuani pa Semboja, akasema kwao madrasa ukisinzia ustadhi ana fimbo, sijui kwa makatekista wanatumia tumbili.

Lea alipoleta chakula mchana, Semboja hakusingizia kitu. Alisema alisoma, akalala, tumbili wakala. Lea aliangalia shamba, akaketi kivulini mwa dungu, akapakua ugali. Hakugomba. Hapo ndipo Semboja akajikuta anauliza jambo ambalo miaka yote hakuwahi kuuliza.

"Wenzako wakienda kupokea, wewe pale kwenye benchi unafanya nini?"

"Naangalia viatu," Lea akasema. "Vinakwenda, vinarudi. Kula, kinapoa."

Alhamisi iliyofuata jumuiya ilisoma habari ya ile dhoruba. Semboja alikuwa amekaa mbali na Mama Enock, na zamu yake ilipofika akasema, macho wazi, "Wakamwamsha."

Yule mzee akasema anavyosikia yeye, Semboja aliamshwa na tumbili. Wakacheka, Semboja naye akacheka kidogo.

"Wale walimwamsha mwenzao," akasema. "Wangu hakuniamsha. Nimelala miaka yote, maji anachota peke yake."

Maelezo hayaruhusiwi, lakini Isaka hakumkataza. Zamu ilikuwa ya Lea, ambaye tangu utoto hajawahi kukosa neno. Alirekebisha kanga begani, akairekebisha tena.

"Mimi leo sina," akasema.

Wakati wa kutawanyika Isaka aliwaambia Jumamosi waende wote wawili kwa paroko, padri wao, wapange mambo ya Pasaka. Jua lilikuwa linashuka, vumbi la njiani limekuwa jekundu na jepesi, na Semboja alitembea kama mtu asiyejua miguu ni ya nani.

"Ningekuamsha," Lea akauliza, "ungeamka?"

Semboja alifikiri hatua kadhaa. "Nadhani nisingeamka."

"Haya basi."

Akacheka kile kicheko chake cha puani, akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba, na kuanzia hapo hadi nyumbani akawa anaeleza kwamba hataki shela, shela kwa umri huu ni kuchekesha kuku.