Lango la Mbele la Nyumba ya Mwalimu

Halmashauri ya jiji, baada ya kushauriana na wataalamu wake, ilitangaza kwamba kitongoji hiki ni eneo la makazi tulivu la daraja la kwanza, na kwamba kwa sababu hiyo kila nyumba itakuwa na njia mbili: lango la mbele, kwa wenye nyumba na wageni wao, na ujia wa nyuma, kwa mafundi, wachuuzi, wazoa taka na wengineo wa aina hiyo. Tangazo liliandikwa kwenye bati la kijani na kutundikwa mwanzoni mwa barabara. Mvua na jua vilikuwa vimeifuta sahihi ya mkurugenzi, lakini agizo lenyewe lilisomeka vizuri.

Fundi bomba alilitii kwa miaka kumi na tisa. Alikijua kitongoji kizima kwa upande wa nyuma, na zaidi kwa upande wa chini. Ungemuuliza nani anakaa nyumba ya kona, angekuambia hana hakika, ila sinki lao linakula nywele nyingi. Hakimu, kwake, alikuwa mtu wa bomba la inchi mbili lililopinda. Mwanasheria wa jirani alikuwa mtu anayemwaga mafuta ya kukaangia chooni, jambo ambalo fundi alilitunza kifuani kama daktari anavyotunza siri ya mgonjwa.

Kwa Mwalimu, mjane aliyestaafu, alifika mara moja kila mwaka. Mjakaranda mkubwa wa uani ulikuwa umelipenda bomba lake la majitaka, na kila mwaka mizizi ilirudi humo ndani kunywa. Fundi aliingiza waya wake mrefu, akaikata mizizi, akanawa mikono kwenye bomba la bustani, akaondoka. Mwaka huu Mwalimu alipomlipa alisema:

"Fundi, hii ndiyo mara ya mwisho. Nauza. Nakwenda kukaa kwa binti yangu."

Fundi akausikia mdomo wake ukisema, "Mwalimu, na mimi naomba nihesabiwe kwenye wanunuzi."

Mwalimu akamtazama juu ya miwani, kwa namna aliyowatazama wanafunzi waliodai kwamba wamemaliza mtihani mapema. "Jumamosi, saa nne. Usichelewe."

Nyumbani mkewe alikuwa kwenye cherehani, akishona kola za sare za shule.

"Kitongoji kile cha miti?"

"Hicho hicho."

"Sisi?"

"Sisi."

Cherehani ikanyamaza. Miaka yote hiyo walikuwa wakiweka akiba, yeye ya mabomba, mkewe ya sare, kwa ajili ya nyumba ambayo kila mmoja aliiwaza kimoyomoyo na kuona haya kuitaja. Mkewe akakata uzi kwa meno. "Basi tutapita mbele," akasema. "Kama watu."

Jumamosi walivaa kweli kweli. Tatizo ni kwamba mkono wa kulia wa fundi ulizoea uzito wa mkoba wa vifaa, na walipokuwa wakitoka uliuchukua bila kumtaka ushauri. Hivyo ndivyo alivyosimama mbele ya nyumba ile, suti mwilini na mkoba wa spana mkononi, akauona uso wa nyumba hiyo kwa mara ya kwanza. Miaka kumi na tisa aliijua nyumba hii kwa matumbo yake. Kumbe ilikuwa na uso. Ilikuwa na baraza la nguzo nne, na juu ya paa mjakaranda ulikuwa umemwaga zambarau yake yote bila hesabu. Akavua kofia.

Dalali, kijana mwenye tai na jalada kwapani, alikuwa amesimama langoni. Akautazama mkoba. "Zunguka nyuma, fundi."

Na fundi, Mungu amsamehe, akazunguka. Mkewe akamfuata, visigino vikizama kwenye tope jekundu la ujia.

"Baba, tumekuja kununua au kuzibua?"

"Twende tu, mama. Mlango wa nyuma naujua."

"Naona. Bado kidogo uupelekee posa."

Hakuwahi kuvuka jikoni. Mwalimu alipofungua mlango wa sebule, fundi alivua viatu bila kuambiwa. Mwanga ulipita kwenye matawi, ukapita kwenye dirisha refu, ukatua sakafuni vipande vipande, ukicheza, kana kwamba chini ya mbao kulikuwa na maji safi yanayotembea yenyewe bila pampu. Alisimama akitazama kitu ambacho, katika maisha yake yote ya kazi, hakikuhitaji kutengenezwa. Mkewe, ambaye hanyamazi hata kwa daktari wa meno, alinyamaza.

Mnunuzi mwingine alikuwa ameshaketi kwenye kochi, bwana wa gari kubwa, viatu vyake vyeupe vikiwa na tope jekundu ambalo fundi aliliona asilitilie maanani.

"Nina swali moja," Mwalimu akasema. "Utabadilisha nini?"

"Hakuna, mama. Pazuri sana," bwana akasema. "Labda hapo nje tuweke zege. Nina magari matatu."

Mwalimu akamgeukia fundi. Mkewe akambana mkono: sema hakuna, sema hakuna.

"Bomba," fundi akasema. "Limekwisha, Mwalimu. Mizizi imelipasua sehemu tano. Kila mwaka nakata, kila mwaka inarudi. Ningekuambia zamani ubadilishe, lakini ungeniuliza kuhusu mti."

"Nakuuliza sasa. Utaukata?"

"Mti ndio uliotangulia kufika. Nitazungusha bomba."

Vipande vya mwanga vikaendelea na shughuli zao.

"Andika jina lake," Mwalimu akamwambia dalali, aliyekuwa ameingia nyuma yao. Kisha akafungua mdomo ili alitaje, akaukuta mtupu. Fundi mwenyewe akalitaja, herufi moja moja, kwa sababu dalali alikuwa ameshaandika "Fundi" na ilibidi afute.

Siku ya kukabidhiwa walikuja mapema. Mkoba wa vifaa ulibaki nyumbani, mkewe alihakikisha. Mwalimu akawapa funguo moja baada ya nyingine: jikoni, sebule, stoo, ujia wa nyuma.

"Na wa lango la mbele?" mkewe akauliza.

"La mbele?" Mwalimu akashangaa. "Lile lilishika kutu tangu marehemu akiwa hai. Halifunguki. Hata yule bwana wa magari matatu dalali alimzungusha nyuma."