Karatasi ya Chupa ya Pili

Mwalimu mstaafu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: maandishi. Hata dawa ya mbu aliisoma mpaka anwani ya kiwanda. Alipoanza kujifurahisha kwa kung'arisha masanduku ya mbao ya redio za zamani, alimdai muuza rangi karatasi ya usalama ya vanishi, ile inayoeleza madhara yake, kabla ya kufungua kopo. Akaipigia mistari kwa kalamu nyekundu, akaibandika ukutani. Glavu alivaa. Miwani alivaa. Mkewe alimcheka hadi machozi.

"Redio yenyewe haisemi, Mwalimu. Unamvalia nani hayo yote?"

Mkewe alishona makava ya makochi katika karakana ya samani, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na jioni alimalizia vipande nyumbani kwa cherehani yake. Mkono wake ulijulikana. Wateja walikuwa wakiuliza kwanza kama yupo ndipo waagize kochi.

Sasa, vanishi ile haikauki peke yake. Huchanganywa na dawa ya kukaushia, na hiyo muuza rangi alimpimia kwenye kichupa kisicho na nembo. Mwalimu hakuiulizia karatasi. Aliiona nyongeza tu, kitu cha vijiko viwili, na msomi mzima akapitwa hapo kweupe. Halafu vumbi la barabarani lilikuwa likinata kwenye vanishi mbichi, likamuudhi, akawa anafunga dirisha na kuacha wazi mlango wa ndani. Mlango huo ulitazamana na cherehani.

Kikohozi kilianza kama mafua. Kikakaa wiki, kikakaa mwezi. Siku moja mkewe akiwa karakanani, mafundi walipuliza rangi uani, naye akashindwa kuvuta pumzi kabisa. Wakambeba na kiti chake.

Daktari wa kifua aliuliza kuhusu nyumbani. Mwalimu akatoa karatasi yake yenye mistari myekundu, na nasikitika kusema kwamba aliitoa kwa majivuno kidogo. Daktari akaisoma taratibu.

"Hapa pameandikwa usome na karatasi ya dawa ya kukaushia. Iko wapi, mzee?"

Muuza rangi aliitoa chini ya kaunta, ikiwa bado imekunjwa. "Hakuna anayeziulizaga hizi," akasema. Mwalimu aliisoma palepale, amesimama, watu wakimpita. Mvuke wake ukivutwa, waweza kuleta mzio na pumu. Aliyekwisha kupata mzio asikaribie tena, hata kwa kiasi kidogo sana.

Makopo aliyatoa yote siku ileile, na redio zake. Haikusaidia chochote. Kifua cha mkewe kilikuwa kimeshaikataa dawa ile, na karakana ya samani, ambako rangi huchanganywa na dawa hiyohiyo, huinuka kuanzia mlangoni. Mkewe alijaribu kurudi kazini mara mbili. Mara ya pili hakufika hata kwenye kiti chake. Msimamizi, mtu mwema, alikuja nyumbani kumwambia kwamba nafasi yake imechukuliwa, akashindwa kunywa chai aliyowekewa.

Alipoondoka, mke alibaki ameweka mkono kifuani. Mwalimu alitaka kusema nisamehe, kama alivyokuwa akisema kila siku, lakini mkewe alimwahi.

"Ile karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Inasema itachukua muda gani mpaka nipone?"

Mwalimu alivaa miwani ya kusomea. Alipitia ukurasa wa kwanza, wa pili, akafika wa mwisho, akageuza na nyuma kulikokuwa kweupe.

"Hawajaandika, mke wangu."

"Umeruka mahali," mkewe akasema. "Anza mwanzo. Soma kwa sauti nisikie."

Akaanza mwanzo, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, huku akijua kilichomo hadi mstari wa mwisho.