Kimeo cha Mjukuu Wangu

Nilisoma madarasa matatu tu, lakini majina ya watu hayanitoki. La mzee aliyemkata mjukuu wangu ninalo, la mtaa wake pia. Hapa sitaandika jina la mtu.

Mtoto alikuwa na miaka minne, anakohoa wiki ya tano. Kliniki walitupa dawa ya maji, ikaisha, wakatupa nyingine. Binti yangu alikuwa mjini akisuka nywele za watu tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyebaki na kile kikohozi. Kwetu Uvira, kabla hatujahamia huku kusini mwa Afrika, kikohozi cha hivyo tulikijua: ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimerefuka kinamtekenya mtoto. Dawa yake ni kukikata. Mimi nilikatwa, binti yangu alikatwa. Basi nikambeba mgongoni mpaka mtaa wa Jeppestown, kwenye chumba cha mzee mmoja wa kwetu, nikambana kichwa kati ya magoti yangu. Haikuchukua muda. Mzee akanionyesha kipande kwenye karatasi, kidogo kama punje ya mahindi. Kikohozi kikaisha, nami nikajisifu kanisani.

Miaka ikapita. Kwenye kwaya ya watoto sauti yake ilipanda juu ya kinanda na ngoma, mpaka mwalimu wake wa muziki akatufuata nyumbani Bertrams kutuambia kwamba hiyo ni sauti ya opera. Akapata ufadhili, akasoma chuo kikuu: Kiitaliano, Kijerumani, na kupumua. Ndiyo, kupumua nako kunasomewa! Alilala chali sakafuni na Biblia yangu juu ya tumbo, anaipandisha na kuishusha.

"Koko," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "usicheke. Hii ndiyo kazi."

Akianza mazoezi, jirani anagonga ukuta: "Mama, ambulensi imekuja kumchukua nani?"

"Wewe! Panda haraka!" namjibu.

Nilimwona jukwaani mara moja. Wanawake kama ishirini, na hakuna aliyeshika maikrofoni. Nilikaa nyuma kabisa, na sauti yake niliijua katikati ya zile zote.

Alikuwa akipewa kazi ya kuimba wiki chache hapa, wiki chache pale. Kisha ukaja usaili wa nafasi ya kudumu, na hapo pumzi ikaanza kumtoroka. Akivuta sauti ndefu, hewa inavujia puani. Akaenda kwa daktari wa koo. Aliporudi nilikuwa jikoni nachambua maharage, binti yangu anaosha sufuria. Mtoto huyu Kiswahili chake ni cha kuokotaokota, lakini siku ile kilitoka kimenyooka.

"Koko, nani alinikata?"

"Ulikuwa unakohoa."

"Nani alinikata?"

"Mimi ndiye niliyekupeleka."

Akasema daktari ameona kovu, limevuta nyama ya nyuma ya koo, haifungi vizuri. Hakuweza kuapa kwamba ndiyo sababu. Alichoapa ni kwamba kimeo kikishakatwa hakirudishiki.

Binti yangu akaacha sufuria. "Mama, hukuniuliza."

"Ulikuwa kazini."

"Nilikuwa na simu."

Nikarudi kwenye maharage.

Usaili alienda, nafasi hakuipata. Hawakumwambia kwa nini. Sasa anapokea simu za wateja wa kampuni, anaongea Kiingereza kutwa nzima, na akirudi nyumbani haongei lugha yoyote. Binti yangu hunituliza: wenzake waliosoma naye wana vimeo vyao na bado hawana kazi, mmoja anafundisha watoto, mwingine anauza bima ya mazishi. Ni kweli, nawajua wote. Lakini wao wanajua ni kazi tu imewakataa. Huyu wangu hatajua kamwe, na mimi sitajua. Nikiomba nisamehewe, sijui hata niombe kusamehewa nini.

Mchungaji alimsihi arudi kwenye kwaya, akarudi. Mimi hukaa benchi la tatu, upande wake. Ngoma zinalia, wanawake wanapiga vigelegele, naye anafungua mdomo pamoja na wenzake, anaufunga pamoja nao. Natega sikio kila Jumapili. Hatoi sauti.

Jumapili iliyopita mama mmoja akanishika mkono mlangoni. "Mjukuu wako leo ametubariki kabisa!"

Nikasema amina.