Mzinga wa Doria

Juzi pale Itigi nilimwona mtu amefunga mzinga wa gome nyuma ya baiskeli. Harufu ya gome bichi ikanirudisha utotoni, Rungwa.

Baba alikuwa askari wa wanyamapori, na Doria alikuwa mbwa wake wa kunusa nyayo za majangili. Mchana ule nilitoka kisimani nikamkuta baba nyuma ya nyumba, bado amevaa sare, anaviringisha gome zima la mti kuzunguka kitu kilichofungwa kwa turubai. Alilishona kwa kamba za miti, akaziba ncha zote mbili kwa majani, vilevile wanavyofanya warina asali. Inzi walikuwa wengi.

"Shikamoo baba. Huo mzinga utautundika wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Huu hautundikwi. Huu unafukiwa."

Niliamini, maana kuna nyuki wadogo wanaokaa ardhini, na asali yao nilishaila. Nikamsaidia kusukumia udongo kwa mikono. Nilipouliza Doria yuko wapi aje aone, baba alisema yuko kazini. Habari ya mshale wa sumu uliompata niliisikia nikiwa mkubwa.

Baada ya hapo kila jioni nilikwenda kulaza sikio pale, nisikilize kama nyuki wameingia. Siku moja baba akanikuta. Hakunikemea. Alivua kofia, akapiga magoti, naye akalaza sikio lake kwenye udongo.

"Unawasikia?" nikamuuliza.

"Nasikia," alisema, na mimi ndiye niliyechoka kwanza, nikamwacha palepale.