Vitambaa vya Njano Mabawani

Mama alikubali kuja kuishi nami mjini kwa sharti moja tu: kuku wake watano waje naye. Baba alikuwa ameshatutoka, wadogo zangu wameolewa huko Biharamulo, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi nisiye na mume wala mtoto, nilimhitaji mama kuliko yeye alivyonihitaji. Nikamwambia alete hata kumi. Akafika kutoka kijijini kwetu Keza kwa bodaboda, tenga la kuku limefungwa nyuma yake, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope, na neno lake la kwanza lilikuwa kumgombeza dereva kwa kuwatikisa mitetea wake.

Siku tatu aliwafunga miguu karibu na jiko ili wazoee nyumba. Ya nne akachana kitenge chake cha njano na kumfunga kila kuku kitambaa kwenye bawa. Kijijini kwetu kila mama alikuwa na rangi yake. Kuku akiingia kwenye karanga za mtu, utasikia ukelele kutoka bondeni, "Wa njano huyo!" na mama anakwenda mwenyewe kuomba radhi. Kuku asiye na kitambaa hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe ni kitoweo.

Asubuhi za miezi ile nazikumbuka kuliko kitu chochote. Nilikuwa naamka namsikia uani akizungumza na kuku kwa Kihangaza, anawauliza nani kataga na nani mvivu, huku chungu cha maharage kikichemka. Nilikuwa nakunywa uji nimesimama mlangoni, nachelewa shule makusudi. Nyumba ile niliyoipanga ilikuwa haijawahi kuwa na sauti ya mtu mwingine.

Kisha likabandikwa tangazo kwenye ukuta wa duka. Mama hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kukataa bei. Akanishika mkono, "Nisomee." Nikaanza. Mazao marefu kama mahindi na mtama yasilimwe karibu na nyumba. Hilo nikamfasiria. Mstari uliofuata ulianza, "Ni marufuku kuku..." Kuku wakiondoka, mama ataondoka. Macho yangu yakaishia hapo hapo, mimi ninayewachapa wanafunzi kwa kutosoma mpaka kwenye nukta.

"Ndiyo hayo tu?" akauliza.

"Ndiyo hayo tu, mama."

Jioni ile ile aling'oa mahindi yake yaliyokuwa nyuma ya choo, akiguna kwamba watu wa mjini wanaogopa mahindi kana kwamba yanang'ata, akapanda maharage. Angekuwa mkaidi, ningepata cha kujitetea.

Wiki chache baadaye mgambo wakapita mtaani kukamata kuku. Waliokamatwa, wa mama wakiwemo, wakawekwa uani kwa mtendaji, na ghafla mtaa mzima haukuwa na mfugaji. Jirani yangu, ambaye jogoo wake ndiye aliyekuwa saa yetu sote, aliapa kwamba yeye hata yai hali. Mama hakuelewa aibu hiyo ilitoka wapi. Alijifunga kilemba cha kitenge kile kile cha njano, akaenda, nami nyuma yake.

Mtendaji alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata kuku wangu. Wenye njano."

"Mama, tangazo hukulisikia? Kuku wasizurure. Wafungie bandani, basi."

"Bandani?"

"Bandani, mama. Kufuga hatujakataza."

Mama akageuka akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nilingoja aseme, na nilistahili aseme mbele ya watu wote. Akamgeukia kijana, "Mimi sikusoma, mwanangu. Nilisikia vibaya. Nisamehe." Akarudishiwa kuku wake.

Nyumbani mama alilishusha tenga, akaanza kuwapanga ndani yake, na mimi nikaanza kumwomba anisamehe, asiondoke.

"Nimejenga mabanda kabla sijakuzaa," alisema. "Hilo ningelimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sina hasira ya kuku. Mimi sisomi, macho yangu humu mjini ni wewe. Wewe ukinificha, nitatembeaje?"

Asubuhi yake akapanda bodaboda kurudi Keza.

Banda nililijenga, limepinda kidogo, lipo mpaka leo. Kila likizo naenda kwa mama. Ananipokea vizuri, ananipikia ndizi, ananipa karatasi za zahanati na za kanisani nimsomee. Lakini miaka yote hiyo, nikimaliza kusoma, alikuwa anamngoja jirani yake aliyefika darasa la saba, anampa karatasi ile ile, na anasikiliza tena. Hakufanya kwa siri wala kwa chuki. Nilikuwa nakaa pale pale.

Likizo iliyopita alinipa karatasi ya dawa. Nilimsomea yote, saa za kumeza, tahadhari, mpaka yale maandishi madogo ya chini yasiyomhusu mtu. Jirani akaingia kuleta chumvi tukiwa bado tumekaa. Kwa mazoea akanyoosha mkono kuipokea.

Mama aliikunja, akaichomeka kwenye pindo la kitenge chake.

"Hii imeshasomwa," akamwambia. "Nipe chumvi tu."

Nikatoka nje kwenda kuangalia kuku, maana machozi yalikuwa yameshafika.