Mfano wa Tatu

Neno lenyewe ni la Kiingereza, insane, na maana yake niliipata katika karakana ya jinzi huko Xintang, kwa mwanamke Mchina aliyekuwa amefundishwa na mdogo wangu mwenyewe.

Mimi ndiye niliyewakutanisha. Mwenye karakana, ambaye sisi wanunuzi humwita laobani, yaani tajiri, alitaka Kiingereza cha kuzungumza na wateja kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou. Mdogo wangu wa kike, kitindamimba wetu, yuko chuo kikuu hapa Guangzhou kwa ufadhili. Mimi niliishia kidato cha pili, mwaka tuliowazika baba na mama, nikabaki na wadogo watatu. Kwa hiyo nilimwambia laobani kwa majivuno, "Usihangaike. Mwalimu ninaye, nimemlea mwenyewe."

Siku hiyo nilikuwa nikikagua suruali za kupeleka Mombasa, navuta zipu moja moja. Nikataja bei yangu. Laobani akajipiga paja.

"Ni feng le! Umeshikwa na wazimu, dada mkubwa!"

Ndivyo wanavyosema hapa ukishusha bei. Nimezoea. Siku usipoitwa mwehu ujue umeshapunjwa.

Tulipokubaliana akakumbuka somo lake, akaleta daftari. Juu ameandika neno lile, insane, kando yake maana kwa Kichina, chini mifano mitatu. Wa kwanza ulikuwa bei ya kiwazimu. Wa pili, joto la kiwazimu. Wa tatu aliusoma polepole, kidole kikitambaa chini ya mstari: "Dada yangu alikuwa mwendawazimu. Alitufungia ndani ya nyumba siku tatu."

Nikamwomba asome tena. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini maneno yale yote nilikuwa nayo.

"Mwalimu ana dada wangapi?" akauliza. "Ni wewe?" Akacheka, akingoja nami nicheke.

"Ni mwingine," nikasema.

Hakuna mwingine. Waliobaki ni wavulana wawili.

Siku tatu hizo nazijua. Matanga yalipokwisha, baba mkubwa alikuja na pikapu kutugawa: huyu Taveta, yule Mariakani, kitindamimba kwa shangazi aliyekuwa hajui hata jina lake, mimi popote, na nyumba abaki nayo yeye. Sikubishana. Nilifunga milango nikaegemeza meza. Tulikunywa uji mpaka unga ukaisha, halafu tukanywa maji. Nje nilimsikia akiwaambia majirani, "Huyu msichana amerukwa na akili, atawaua wenzake." Siku ya tatu mwenye gari alichoka kungoja, pikapu ikaondoka tupu. Hatukugawanywa. Kitindamimba alikuwa na miaka sita, na muda wote ule hakutaka kushuka mgongoni kwangu.

Jumapili alikuja kula kwangu kama kawaida, katika chumba changu nyuma ya maduka ya Guangyuan Xilu. Nilingoja ashibe kidogo.

"Nimesoma daftari la laobani."

"Aa, dada. Ule ni mfano tu. Neno haliingii kichwani bila sentensi."

"Mifano yote ya dunia hii, ukaona huo?"

"Watu hukumbuka kisa cha mtu kuliko joto."

"Hata kama ni uongo?"

Akarudisha tonge sahanini. "Si uongo. Ulitufungia. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Baba mkubwa anasema ulikuwa mgonjwa, tusikulaumu."

"Anasema lini?"

Akasema, huku akitazama sahani, "Huwa ananipigia. Tangu nilipopata chuo."

Hapo ndipo paliponichoma. Sentensi ningeivumilia. Hofu yake pia siikatai, mtoto wa miaka sita huogopa. Lakini miaka yote hii nilidhani mle ndani tulikuwa wanne na nje alikuwa mmoja. Kumbe mdogo wangu alikuwa ameshamfungulia yule wa nje, akaketi naye, akalipokea neno lake, akaja kulifundisha. Na yeye ndiye msomi. Angeweza kuniuliza hata mara moja, "Dada, siku zile ilikuwaje?"

"Kaifute," nikamwambia.

"Nitaifuta."

Alipoondoka nilimfungia ugali na sukuma uliobaki, kama kila Jumapili.

Wiki iliyofuata nilirudi Xintang kuchukua mzigo. Laobani alikuwa akidurusu, na mfano wa tatu ulikuwa pale pale. Nikakaa kwenye robota la jinzi mbele yake.

"Yule dada ni mimi," nikasema.

Aliweka kalamu chini. Sikuwa na maneno ya kutosha katika lugha yoyote tuliyoshirikiana, nikachukua kikokotoo chake cha bei. Nikaandika nne: watoto. Nikaandika moja: gari. Kisha nne tena, nikamwonyesha kwa mikono pande nne za karakana, huyu kule, yule kule, mimi huku. Nikamwambia mzee aliyeleta gari hilo, baba mkubwa, ndiye aliyeanza kuniita feng.

Akakivuta kikokotoo karibu. Nilitegemea acheke, au anihurumie, na sikutaka lolote kati ya hayo.

"Nyumba ilikuwa na milango mingapi?" akauliza.

"Miwili."

"Ukafunga yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa kukubali, akageuza ukurasa, tukaanza kuhesabu marobota.