Nukta Kumi na Tatu

Baba yake Kimya aliniambia neno lililonichoma: "Huyu hata wewe hakujui. Nikimletea mwanamke mwingine leo, akamlisha na kumfulia, wala hatashtuka."

Alitaka niweke saini kwenye karatasi ya kumpeleka binti yetu kituo cha mbali cha walemavu, akae huko maisha. Yeye alishaoa zamani, ana watoto wengine, na chumba tunamolala mimi na Kimya ni cha nyumba yake. Nikamwambia basi, aje na dada yake na hiyo karatasi Jumamosi.

Nilikubali kwa sababu nilimwamini. Kimya ana miaka ishirini na miwili, ana usonji, na hajawahi kunitazama usoni hata siku moja. Hutazama miguu yangu. Nikirudi kazini nikamwita, huinamisha kichwa kama anayetafuta sindano sakafuni. Majirani wakaniita Mama Sanamu. Nilicheka nao, nikija ndani nalia.

Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali. Chini ya jengo letu kuna mashine ya kupiga picha za ubongo, na watafiti walikuwa wakichunguza jinsi watu wenye usonji wanavyowatambua wenzao. Dada mmoja mwembamba mwenye miwani akatufuata kwenye mashine zetu za kufulia.

"Mama, tunaomba utembee kidogo, tukurekodi."

"Mimi na mguu huu? Wasichana wote hawa hamwaoni?"

"Tunataka watu wanavyotembea kweli."

"Haya. Mtaupata huo ukweli mpaka mchoke."

Wakanivika nguo nyeusi, wakanibandika vitaa kumi na tatu: kichwani, mabegani, kwenye viwiko, viganja, nyonga, magoti na vifundo vya miguu. Chumba kikatiwa giza, nikatembea na ndoo mkononi. Kwenye kioo cha kompyuta mwili haukuonekana kabisa, zilionekana nukta nyeupe tu zikitembea. Msimamizi wetu alipoonyeshwa akasema, "Hawa ni kumbikumbi wamelewa." Nilifanya naye kazi miaka tisa, na hakunijua.

Yule dada aliposikia habari za binti yangu aliniomba nimlete. Nikampeleka siku mbili kabla ya Jumamosi. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumhitaji kwa lolote, nikasema angalau mara moja aende mahali alipoalikwa.

Nilidhani atapiga kelele. Akajilaza mwenyewe na kuingizwa ndani ya tundu la ile mashine ya picha, katulia tuli. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe akiona nukta zinazotembea kama mtu, na kuacha akiona nukta zilizomwagwa ovyo. Mimi nilikaa na watafiti nyuma ya kioo. Alibonyeza vizuri tu, mpaka zikaja nukta zilizochechemea, zangu.

Hapo hakubonyeza. Sauti yake ikatoka kwenye spika.

"Mama."

Dada mwenye miwani akanigeukia. "Anakuita."

"Haniiti huyo. Hajawahi kuniita."

"Mama kabeba ndoo," Kimya akasema. "Mguu wa kushoto." "Baba alisukuma. Ngazi. Ndoo ikaanguka."

Niliinuka, nikasogea karibu na kioo.

Miaka kumi na minane iliyopita mume wangu alinisukuma kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Nyonga ikavunjika. Akawaambia watu wote niliteleza kwenye maji ya sabuni, na wote wakamwamini, wa kwanza akiwa wifi yangu, dada yake. "Wifi, usimharibie kaka yangu jina kwa uzembe wako," alinijia na hilo nikiwa bado kitandani. Nikasema ukweli mpaka nikachoka, mwishowe hata mimi nikawa nasema niliteleza. Kimya alikuwa na miaka minne, amekaa mlangoni akizungusha kifuniko cha sufuria. Nani angemhesabu kuwa ni shahidi?

"Mama, mtu mmoja hathibitishi kitu kwenye utafiti wetu," yule dada alinieleza kwa upole tulipotoka.

"Kwenye wenu," nikamjibu.

Njiani nikawa nahesabu. Kama aliliona lile, basi ameona yote, na amesikia yote. Miaka ishirini na miwili nimezungumza mbele yake kama mbele ya kabati. Nimewahi kumwambia jirani, Kimya akiwa pembeni yangu, kwamba ningeshukuru Mungu akimchukua. Nimelisema hilo zaidi ya mara moja.

Tulipofika nyumbani alinitangulia ndani, akasukuma kigoda mpaka mlangoni. Hufanya hivyo kila jioni. Kila jioni nakipiga teke na kumgombeza kwa kunizibia njia. Siku hiyo nilikitazama kile kigoda, nikatazama jinsi anavyoutazama mguu wangu wa kushoto, nikakaa. Yeye akarudi kwenye vifuniko vyake.

Jumamosi tulikuwa ndani, mlango umefungwa. Nyayo ziliposikika nje, kabla hawajabisha, Kimya akainua kichwa. "Baba. Shangazi." Nilipofungua walikuwa wao, wifi ameshika karatasi na kalamu.

"Wifi, tusikae sana," alisema, akaiweka karatasi juu ya kigoda cha mlangoni. "Weka saini hapo chini."

Kimya akapita katikati yetu. Akasimama kizingitini, macho kwenye viatu vya baba yake.

"Baba alisukuma mama," alisema. "Ngazi. Maji hakuna. Ndoo tupu."

Baba yake akaruka. "Nani kamfundisha huyu? Wewe mwanamke umemfundisha!"

Wifi alimwangalia Kimya, kisha zile ngazi mkabala na mlango wetu, kisha mguu wangu. Anamjua Kimya tangu azaliwe, anajua hakuna anayeweza kumfundisha hata kusema shikamoo. Kalamu akairudisha kwenye mkoba.

"Kaka, twende," alisema. Sauti yake haikuwa ile niliyoizoea.

Karatasi aliisahau kwenye kigoda, haina saini. Niliitoa, nikakaa.